Jinsi ya kuandika simulizi za mapenzi na bado ukabaki na ndoa yako

Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa hizi simulizi zetu za mtandaoni, zinazotoka sehemu kwa sehemu, mwambie mtu unayeishi nae. Leo hii, usisubiri wikiendi. Maana ukishaanza hii kazi simu yako itajaa vitu kama "jana sikulala nakuwaza wewe tu, njoo saa nne yeye atakuwa ameshatoka", na umeviandika wewe, kwa vidole vyako, kwenye notisi za simu, alafu uje umweleze mtu saa saba za usiku kwamba huyo ni Shukuru anamtumia meseji Chausiku, wahusika wa kwenye stori yako, sehemu ya 14, nani atakuelewa? Hata mama yako mzazi hatokuelewa. Sa fanya hivi: kila notisi ianze na herufi kubwa, jina la simulizi na namba ya sehemu, mstari wa juu kabisa ambao mtu akifungua anauona kabla hajaona "baby". Na usije ukaandikia kwenye sehemu ya kutuma SMS eti utahamisha baadae, kidole kikiteleza ikaenda kwa fundi bomba au kwa mchungaji utajua hujui.

Gugo nayo ni hivyohivyo. Mwandishi wa mapenzi anatafuta vitu vya ajabu, leo dalili za mimba ya wiki sita, kesho mtu akikutwa na wake wawili wa ndoa ya kanisani anafungwa, keshokutwa dawa gani ya usingizi haina harufu (hiyo ni ya mama mkwe wa kwenye stori, sio wa kwako). We zoea tu kusema kwa sauti, "natafuta kitu cha simulizi", nyumba nzima isikie. Baada ya muda wanakuzoea na wanaanza kukudharau kidogo, na hiyo dharau ni amani.

Ndugu ndo mtihani. Ukiandika wifi mchawi, wifi zako wote watatu kila mmoja anajua ni yeye, na watapigiana simu. Ukiandika mume anachepuka basi shemeji anakuuliza mbele za watu kwenye kipaimara "hivi broo yuko salama kweli". Kubadilisha jina peke yake hakusaidii maana watu wanajitambua kwa vitu vidogo vidogo, jinsi anavyocheka, kile kitenge anachovaaga kila msibani, gari lake lina dent mlango gani. Badilisha kazi, badilisha mkoa, na ukiweza badilisha hata idadi ya watoto, afu ule mdomo wake ubaki nao kwa sababu mdomo ndo ulikufanya umchukue. Na majina ya ma-ex yako usiyaguse kabisa. Hata kama ni jina la kawaida, hata kama ni Juma na Bongo imejaa akina Juma, mumeo anajua ni Juma yupi.

Tukiwa bado kwenye majina, naomba mnisaidie kitu, kwa nini kila tajiri wa simulizi anaitwa Brayan na anaishi Masaki, na kila binti maskini anaitwa Careen? Nani huko Tandale alimpa mtoto wake jina la Careen akaliandika na C? Kaa na daftari la majina. Ukienda kliniki muuguzi anaita majina, andika. Matokeo ya form foo yakitoka angalia majina ya shule ya kata, ni hazina ile, kuna Tumaini, Mwanahamisi, Nyamizi, Sikudhani, Shukuru, Tabu, na kila jina linakuja na kwao na dini yake na mwaka wake wa kuzaliwa, yaani hujaandika kitu msomaji ameshamjua nusu.

Haya, sasa kazi yenyewe. Wanaoanza wengi wanadhani simulizi ya mapenzi ni mapenzi. Watu wawili wanapendana, wanaambiana wanapendana, wanaenda Kigamboni biichi, wanarudi, wanapendana tena. Hiyo inaisha sehemu ya pili na sehemu ya tatu umebaki unaelezea nguo walizovaa. Mapenzi hayasomwi, kinachosomwa ni kile kilichokaa katikati yao. Kabla hujaanza andika sentensi moja tu kwenye karatasi: hawa watu wanatakana, ila hawawezi kuwa pamoja kwa sababu... Hiyo "kwa sababu" ukiweza kuitatua kwa simu ya dakika tano, tupa, tafuta nyingine. Kuelewana vibaya tu hakutoshi. Aliona amekumbatiwa na mwanamke stendi akakimbia analia kumbe alikuwa dada yake, jamani, mwaka huu bado? Si amuulize!

Vizuizi vingi vya zamani vimekufa na watu bado wanavitumia. Barua iliyofichwa na mama wa kambo ilifanya kazi sana enzi za sanduku la posta, leo kuna tiki mbili za bluu, mtu anajua umesoma saa ngapi na ulikuwa onlaini mpaka saa ngapi. Umbali pia umepungua nguvu. Mpenzi wa Dar na mpenzi wa Dodoma walikuwa wanaweza kukulisha sehemu ishirini za kukosana kwenye mabasi, ila tangu 2024 treni ya umeme imeanza kubeba abiria hiyo safari ni kama saa nne, mtu anaenda kugombana asubuhi na jioni yuko kwake Ukonga anakula ugali. Sa kama unataka umbali uumize ubadilishe, nauli ndo haipo, au ruhusa kazini ndo haipo, au ameenda Oman kufanya kazi za ndani na pasi yake kashika bosi. Huo ndo umbali.

Vinavyoishi milele ni pesa, dini, mtoto wa nje, na ukoo. Mahari kwa mfano. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema kabisa kwamba ndoa haiharibiki eti kwa sababu mahari haijalipwa, lakini wajomba wa binti hawajasoma hiyo sheria na hawana mpango wa kuisoma, na hapo katikati ya sheria na wajomba unapata sehemu arobaini bila kutumia jini wala ajali ya gari.

Na hapa niongelee utafiti maana ndo panapotuaibisha. Wasomaji wetu sio wajinga, wanajua maisha kuliko wewe, ukikosea kitu cha dini au cha sheria komenti zinageuka darasa na stori yako inasahaulika. Mfano eda. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume anakaa eda miezi minne na siku kumi, sasa unapomwozesha mjane wako Tanga wiki ya tatu baada ya mazishi, na ngoma juu, unategemea nini? Bibi zetu wanasoma hizi simulizi kwenye simu za wajukuu zao. Tena ukiijua eda yenyewe ni zawadi, miezi minne na siku kumi za mtu kukaa ndani huku mwanaume anayempenda anapita barabarani na hawezi hata kubisha hodi. Hiyo ni simulizi nzima imekaa inakungoja.

Halafu ile sini ya kanisani, padri anauliza kama kuna mwenye pingamizi, mlango unafunguliwa, anaingia mwanamke na mtoto mgongoni. Wote tumeiandika. Ila ndoa inatangazwa kabla, notisi ni siku 21, kanisani wanatangaza jumapili mfululizo, kwa hiyo huyo dada alikuwa wapi siku zote hizo? Kama una jibu, kwamba alikuwa wodini anajifungua, au alipata habari jana usiku kupitia status ya mtu, endelea, sini imekuwa na uzito. Kama huna basi mlete wiki ya pili, kwenye ofisi ya parokia, watu wanne tu chumbani na feni inazunguka. Inatisha zaidi hiyo, niamini.

DNA nayo. Kwenye simulizi mtu anaingia hospitali na unywele wa mtoto, daktari rafiki yake, baada ya lisaa majibu tayari. Bongo vipimo vya DNA viko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na hauendi tu na mtoto wako kama unaenda kupima malaria, ombi linapitia huko mahakamani, ustawi wa jamii, kwa wakili na wengine wanaotambulika. Sasa fikiria mume anayetaka kupima kimyakimya mkewe asijue, inabidi akakae kwenye benchi la ustawi wa jamii amweleze mwanamke mwenye faili mkononi kwa nini anahisi mtoto sio wake. Unaona? Ukweli umekupa sini ambayo uongo ulikunyima. Na ile ya "ukikaa na mwanamke miezi sita ni mkeo" mpe mhusika aiseme, maana mtaani ndo wanavyosema, ila wakili wa kwenye stori asiiseme, sheria inataka miaka miwili na watu wawajue kama mke na mume, na hata hapo ni dhana tu, upande wa pili unaweza kuipinga.

Uandishi wenyewe sasa, mstari kwa mstari. Hii ndo aya ninayoiona kila siku:

"Careen alikuwa msichana mrembo mno, macho ya kusinzia, umbo namba nane, sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Brayan alipomtia machoni tu moyo ulimpiga paa, akajua huyu ndiye."

Hakuna kosa hapo la kumfunga mtu, ila huyo Careen ni wa kila mtu. Angalia hawa wawili, binti anauza chapati Mbagala Rangi Tatu na mwanaume ni konda:

"Kila asubuhi kabla gari halijajaa Shukuru alichukua chapati mbili na chai, akatoa buku jero, na Chausiku akiinama kutafuta chenji yeye ameshadandia mlangoni. Mia mbili ya kila siku. Chausiku hakuzichanganya na hela za biashara, alizitupia kwenye kopo la Blue Band chini ya meza. Alhamisi Shukuru alikula chapati moja, chai hakunywa, akatoa elfu moja. Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Shukuru bado amesimama, anaangalia chini, na ndo Chausiku akajua anasubiri chenji."

Hakuna aliyesema nakupenda. Hatujui hata Chausiku ana umbo namba ngapi. Ila kopo tumeliona, na huyo mwanaume tumeshajua mambo yake sio mazuri, labda hesabu ya bosi imemshinda, labda ana mgonjwa, na kila msomaji aliyewahi kusubiri chenji akiwa na aibu kashaingia kwenye stori mwenyewe. Ndo maana nasema kaa vijiweni. Saluni usijifanye unasoma magazeti, sikiliza. Kwenye pantoni sikiliza. Watu hawaongei mapenzi kwa maneno ya mapenzi, wanaongelea chaji ya simu, "umekula?", "mbona hukuniamsha", na nani kahamisha ndoo.

Hapo kwenye chenji ndo pa kukata, itaendelea. Arosto, yaani ile kiu ya msomaji kungoja sehemu inayofuata, ina ufundi wake. Ile ya "ghafla mlango uligongwa, je ni nani? usikose sehemu ya tano" unaweza kuitumia mara moja, ukiirudia na sehemu ya tano aliyegonga ni muuza mkaa, watu wanakutukana na wana haki. Kata pale mhusika anapotakiwa kuamua kitu. Chausiku anatoa ile mia tano ya chenji, au anainama analichukua lile kopo lote? Hilo watabishana wenyewe kwenye grupu mpaka jioni, wewe umelala. Na ukishakata ujue unadaiwa, sehemu inayofuata lijibu swali kwenye aya ya kwanza, usianze kutuelezea mawingu ya asubuhi.

Ratiba. Weka siku zako na uzishike, jumatatu, jumatano na ijumaa zinatosha kabisa, ila ukisema saa mbili usiku iwe saa mbili usiku, msomaji wa simulizi ana nidhamu kuliko mwajiriwa. Kuwa na sehemu kadhaa za akiba kabla hujaanza kupost, kwa sababu mtoto ataumwa, umeme utakatika, na watu watakuandikia "pole sana admin, Mungu amponye mtoto, sasa ya leo vipi". Mwezi wa Ramadhani sogeza mpaka baada ya tarawehe na punguza moto, wahusika wako nao wafunge kidogo, wengi watakushukuru. Mwisho wa mwezi ndo pa kuuza, katikati ya mwezi watu wanasoma za bure.

Kama mikono imechoka ongea. Kibodi ya Google inaelewa Kiswahili siku hizi, inakosea majina na nukta haiweki ila rasimu inatoka huku unaosha vyombo. Usione aibu, Barbara Cartland wa Uingereza aliandika riwaya zaidi ya 700 za mapenzi, na nyingi alikuwa amejilaza kwenye sofa anaongea tu, katibu wake anaandika. Sisi katibu hatuna ila simu tunayo. Tatizo ni moja, ukiwa unaigiza ule ugomvi wa mke na mchepuko peke yako jikoni, sauti zote mbili, jirani wa chumba cha pili anasikia upande mmoja tu na anajaza upande wa pili anavyojua yeye. Mwambie na jirani.

Mambo ya chumbani. Kila mtu ataniuliza hili. Mimi naandika mpaka mlangoni, na mara nyingi mlango unabaki na upenyo, kwa sababu sisi watu wa pwani tuna mafumbo ya kutosha, kanga moja imeandikwa maneno inaweza kusema kitu ambacho kurasa tatu za miguno haziwezi. Kuna soko la zile nyingine, silikatai, linalipa haraka, ila Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha ponografia na ukurasa unaripotiwa unapotea na wasomaji wote. Na wahusika wako wa mapenzi wawe watu wazima, miaka kumi na nane kwenda juu, hili halina mjadala wala "ni stori tu".

Hela haiko kwenye stori ya bure, ya bure ni ndoano. Unatoa sehemu za mwanzo kwenye ukurasa, zinazobaki mtu analipia buku, buku mbili, mpaka buku tano kwa simulizi ndefu, unamtumia kwa WhatsApp au unamuingiza kwenye grupu. Tumia lipa namba, jina la biashara litokee. Na screenshot sio malipo! Angalia salio lako mwenyewe, kuna vijana wanaitengeneza meseji ya muamala mpaka na herufi za mtandao husika, vipaji vimepotea kweli. Kwenye kila sehemu, juu na chini na katikati ya aya moja muhimu, weka jina lako, maana watakuja kunakili, watakata juu, watakata chini, ile ya katikati wanaisahau. Hakimiliki ni yako toka ulipoandika na kwa sheria ya Tanzania ya 1999 inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, ila kumthibitishia mtu ni kazi nyingine, kwa hiyo simulizi ambayo imepata watu ipeleke COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ukaisajili, na ukija kuchapa kitabu namba ya ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu chako, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Mwizi mdogo mdogo wa grupu usihangaike nae sana. Ukimkuta anauza, hapo ndo umshughulikie.

La mwisho ni inbox. Ukishaandika mapenzi watu wanaamini unayajua. Saa sita usiku mtu usiyemjua anakuletea ndoa yake nzima, na voice note za dakika nane, dada naomba ushauri wako, nimwache au nivumilie. Wewe huyo huyo ambae jana mmekosana na mwenzio kwa sababu ya rimoti. Usijifanye kungwi. Sikiliza, mjibu kwa heshima kwamba wewe unatunga tu, na kama kuna kipigo humo ndani mwelekeze dawati la jinsia na watoto la polisi, kisha mwambie aongee na mtu wake wa karibu anayemuona kwa macho. Wengine wanataka kusikilizwa tu na kesho wanarudi kuuliza sehemu ya 15 kama hakijatokea kitu. Na hiyo stori yake utaitamani, itakuwa nzuri kuliko chochote ulichowahi kutunga, vidole vitawasha. Usiiandike, hata kwa kubadilisha jina na mkoa, mpaka mwenyewe akwambie andika.